Programu za bure za barua-pepe: Jinsi ya kuzilinganisha, na jinsi ya kuzilinda barua zako

TANGU Desemba 31, 2024, watu waliozoea programu ndogo ya Mail iliyokuwa ikija pamoja na Windows 10 wamekuta mlango umefungwa. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia. Programu hiyo haikutuma tena barua wala kupokea, na wenye kuitumia wakaelekezwa kwenye nyingine iitwayo Outlook mpya.

Kwa wale ambao barua zao zilikuwa bado katika seva ya kampuni inayowapa anwani, usumbufu ulikuwa wa siku moja au mbili tu. Lakini barua zilizokuwa ndani ya tarakilishi peke yake zilihitaji kutolewa na kuhamishwa na mwenyewe.

Chukua mfano wa katibu wa chama cha ushirika mashambani. Ndani ya kipakatalishi chake mna barua za miaka minane: maombi ya mikopo, majibu ya benki, kumbukumbu za mikutano na stakabadhi za malipo. Mwanachama akizua mgogoro kuhusu deni lake, barua hizo ndizo ushahidi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inatambua rekodi za kielektroniki, kwa masharti yake. Lakini rekodi hiyo sharti kwanza iwepo.

Ndiyo maana swali la ni programu ipi ya bure iliyo bora halijibiwi kwa kutazama rangi na vitufe. Swali la msingi ni hili: barua zako zinakaa wapi, na je, siku programu itakapokufa, utaweza kuondoka nazo?

PROGRAMU YA BARUA-PEPE NI NINI?

Kuna njia mbili za kusoma barua-pepe. Ya kwanza ni kupitia kivinjari. Mtu hufungua tovuti ya mtoaji huduma, akaingiza neno la siri na kusoma barua zake palepale. Njia hii ilienezwa na Hotmail, iliyozinduliwa Julai 4, 1996, kisha ikapata nguvu zaidi kwa Gmail, iliyozinduliwa Aprili 1, 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti moja kwa kila mtu. Wakati huo hicho kilikuwa kiasi cha kustaajabisha.

Njia ya pili ni kutumia programu iliyowekwa ndani ya tarakilishi au simu. Programu hii huchota barua kutoka kwa seva na kumwezesha mwenye nayo kuzisoma, kuzijibu na kuzipanga hata mtandao ukikatika. Barua iliyoandikwa wakati hakuna mtandao husubiri katika folda maalumu, na hutumwa mtandao urejeapo.

Faida zake ni nyingine pia. Mwenye anwani tatu, ya kazini, ya nyumbani na ya chama, huziona zote mahali pamoja bila kuingia katika tovuti tatu. Anaweza kuweka kanuni za kupanga barua zenyewe kwa zenyewe, na anaweza kutafuta barua ya mwaka wa 2011 bila kutumia hata senti moja ya bando la data, mradi nakala yake iko ndani ya mashine.

Hilo la nakala ndilo kubwa kuliko yote. Anayesoma kwa kivinjari pekee hana barua mikononi mwake. Ana ruhusa ya kuzitazama tu. Akaunti ikifungwa, ikitekwa na wadukuzi, au mwenyewe akisahau neno la siri asiweze kuthibitisha kuwa ni yeye, ruhusa hiyo inakoma.

POP NA IMAP: BARUA ZINAKAA WAPI?

Kabla ya kulinganisha programu, ni sharti kuelewa itifaki mbili zinazotumika kupokea barua. Ya kutuma ni moja, nayo ni SMTP, iliyowekwa mwaka wa 1982. Za kupokea ni POP, ambayo toleo lake la tatu lilitokea mwaka wa 1988, na IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka wa 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

POP ni kama sanduku la posta mjini. Unakwenda na ufunguo wako, unachukua barua zote zilizomo, unarudi nazo nyumbani, na sanduku linabaki tupu. Barua sasa ziko kwako. Anayelifungua sanduku lilelile baadaye, hata kama ni wewe mwenyewe ukitumia simu, hazikuti.

IMAP ni tofauti. Barua hubaki posta, na wewe huonyeshwa nakala. Ukisoma barua kwa simu asubuhi, tarakilishi ya ofisini itajua kwamba imekwisha kusomwa. Ukiihamisha kwenye folda ya mikopo, itaonekana katika folda hiyo kwenye kila kifaa.

POP ilifaa mno zama za intaneti ghali. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na wengi waliunganishwa kwa laini ya simu ya kupiga. Kila dakika ilikuwa na bei. Mtu aliunganisha, akachota barua zote, akakata laini, kisha akasoma na kujibu kwa utulivu.

Kila njia ina hatari yake. Anayetumia POP bila kuchagua kuacha nakala katika seva ameweka mayai yote katika kikapu kimoja. Kipakatalishi kikiibwa au diski ikiharibika, hakuna pa kuchota tena.

Anayetumia IMAP naye hujidanganya akidhani ana akiba. IMAP huoanisha, haihifadhi. Barua ikifutwa upande mmoja, inafutwa pande zote. Mdukuzi akimwaga kikasha kilicho katika seva, programu ya tarakilishi itakapounganishwa itatii na kumwaga nakala yake pia.

ZILIZOKUFA NA FUNZO LAKE

Historia ya programu hizi imejaa makaburi. Maarufu kuliko yote ni Eudora. Iliandikwa na Steve Dorner mwaka wa 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, naye akaipa jina la mwandishi Mmarekani Eudora Welty, aliyetunga hadithi fupi kuhusu mtu aishiye posta. Baadaye ilimilikiwa na kampuni ya Qualcomm, na katika miaka ya tisini ilipendwa sana.

Mwaka wa 2006 Qualcomm ilitangaza kwamba haitaiendeleza. Mwaka wa 2018 Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko California lilichapisha msimbo wake ili watafiti waweze kuusoma. Programu iliyokuwa mezani pa watu ikawa kitu cha makumbusho.

Lakini waliotumia Eudora walikuwa na bahati. Barua zake zilihifadhiwa kwa maandishi ya kawaida, kwa muundo unaokaribiana na ule uitwao mbox ambao programu nyingine nyingi huuelewa. Waliotaka kuhama waliweza.

Outlook Express ilikuwa kisa kingine. Ilikuja pamoja na kivinjari cha Internet Explorer 4 mwaka wa 1997 na ikaishia katika zama za Windows XP. Iliweka kila folda katika faili ya aina yake yenyewe, na faili hiyo ilipokaribia gigabaiti mbili ilikuwa katika hatari ya kuharibika. Aliyeshtuka baadaye alilazimika kusaka programu za kubadilishia faili hizo.

Baada yake Microsoft ilileta Windows Mail ya Vista, kisha Windows Live Mail, ambayo huduma yake ilikoma Januari 10, 2017, kisha Mail ya Windows 10 iliyokoma mwishoni mwa 2024. Hizo ni programu nne za bure za kampuni moja, na zote zimekwenda.

Funzo ni kwamba programu ya bure hutolewa kwa hiari, nayo huondolewa kwa hiari. Mwenye busara huichagua akijua kwamba iko siku ataiacha.

MASWALI MATANO YA KULINGANISHA

Swali la kwanza ni muundo wa hifadhi. Katika mbox, folda nzima ni faili moja ndefu ya maandishi. Katika maildir, kila barua ni faili yake. Miundo hii miwili inaeleweka na programu nyingi. Hifadhi ya aina ya pekee, ambayo programu moja tu huweza kuifungua, ni kama kufuli ambayo fundi wake ni mmoja duniani.

La pili ni mfumo unaoendesha mashine yako: Windows, macOS au Linux. Programu nzuri isiyokubali mashine uliyo nayo haina faida kwako.

La tatu ni uchujaji wa barua taka. Mwaka wa 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alieleza jinsi ya kuchuja barua kwa hesabu za uwezekano zinazotokana na kazi ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Kichujio cha namna hii hujifunza. Kila unapoiambia programu kwamba barua fulani ni taka, inapima maneno yaliyomo, na siku baada ya siku inakuwa na jicho kali zaidi.

La nne ni usalama. Je, programu huzuia picha zinazoletwa kutoka nje, ambazo humwezesha mtumaji kujua kwamba umefungua barua yake? Je, inaweza kufunga barua kwa msimbo wa siri? Na je, inajua njia mpya ya kuingia katika akaunti, ambapo kampuni hufungua dirisha lake lenyewe na kutoa idhini badala ya programu kutuma neno la siri?

Hili la mwisho limeziangusha programu nyingi kongwe. Google ilianza kuzikataa programu za neno la siri tupu kwa akaunti za kawaida Mei 30, 2022. Microsoft ikafuata kwa anwani za Outlook na Hotmail Septemba 16, 2024. Programu isiyoijua njia mpya hukataliwa mlangoni hata kama neno la siri ni sahihi.

La tano ni nani anayelipa. Hakuna programu inayojiandika yenyewe. Ikiwa hulipi wewe, basi analipa mfadhili, mtangazaji wa biashara, au mwenye kifaa alichokuuzia.

THUNDERBIRD

Thunderbird ndiyo programu ya bure yenye mapana zaidi. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 7, 2004 chini ya shirika la Mozilla. Inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na ni programu huria: yeyote aweza kuusoma msimbo wake na kuuendeleza.

Mwaka wa 2012 Mozilla ilipunguza nguvu ilizokuwa ikiiwekea, na wengi wakadhani Thunderbird imefika mwisho. Haikufa. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watu wa kujitolea waliishika mkono. Tangu mwaka wa 2020 iko chini ya kampuni tanzu ya Mozilla iitwayo MZLA, na hutegemea michango ya watumiaji wake. Mwaka wa 2023 ilipata sura mpya kwa toleo la 115.

Barua zake huhifadhiwa kwa mbox. Kichujio chake hujifunza kwa njia ya Bayes. Huzuia picha za nje bila kuambiwa, ina kalenda na kitabu cha anwani, na tangu toleo la 78 la mwaka wa 2020 inaweza kufunga barua kwa OpenPGP bila kuongezewa chochote. Inajua pia njia mpya ya kuingia katika Gmail na Outlook.

Udhaifu wake ni uzito kwa mashine kongwe, na wingi wa mipangilio unaoweza kumchanganya mgeni. Matoleo mapya yanahitaji angalau Windows 10. Jambo jingine la kujua ni kwamba barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili ya folda mpaka folda ishindiliwe. Asiyeruhusu kazi hiyo hushangaa diski ikijaa ilhali kikasha ki tupu.

OUTLOOK MPYA

Hii ndiyo iliyorithi nafasi ya Mail ya Windows. Haihitaji fedha, ni rahisi kuanza nayo, na kwa mwenye anwani ya Outlook au Hotmail hufanya kazi bila mipangilio mingi. Kalenda yake ni nzuri.

Lakini yapo mawili ya kuzingatia. Asiye na usajili wa kulipia huonyeshwa matangazo ya biashara. Pili, ukiongeza anwani ya kampuni nyingine, kwa mfano Gmail, barua hupitishwa na kuoanishwa katika seva za Microsoft badala ya kwenda moja kwa moja kati ya tarakilishi yako na mtoaji huduma wako. Wakili, daktari au mhasibu anayetunza siri za wateja wake hana budi kulipima jambo hili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtwika wajibu wa kujua data za watu zinapelekwa wapi.

Isichanganywe na Outlook ya zamani iliyouzwa pamoja na Office. Hiyo ni bidhaa ya kulipia na haimo katika mlinganisho huu.

APPLE MAIL

Mwenye Mac tayari anayo. Programu hii ilikuja na Mac OS X mwaka wa 2001, na asili yake ni programu ya barua ya kompyuta za NeXT. Ni safi, ni nyepesi kujifunza, na huunganishwa vyema na simu za iPhone.

Mlango wa kutokea upo: folda yoyote inaweza kutolewa nje ikiwa mbox. Kikwazo chake ni kimoja tu, lakini ni kikubwa. Haipatikani nje ya vifaa vya Apple. Bei yake imo ndani ya bei ya mashine.

EVOLUTION NA KMAIL

Hizi ni za ulimwengu wa Linux. Evolution ilianzishwa na kampuni ya Ximian, ikatoa toleo lake la kwanza mwaka wa 2001, na sasa ni sehemu ya mradi wa GNOME. Huunganisha barua, kalenda na anwani, na huweza kuzungumza na seva za Exchange zinazotumiwa na ofisi nyingi.

Evolution huhifadhi barua za ndani kwa maildir. Aidha, ina amri katika menyu yake ya kufunga data yote, barua na mipangilio, katika faili moja ya akiba. Ni jambo dogo ambalo programu nyingi kubwa hazina, na linastahili sifa.

KMail ni ya mradi wa KDE. Ina mipangilio mingi na usimamizi mzuri wa misimbo ya siri. Humfaa aliyekwisha kuzoea mazingira hayo.

CLAWS MAIL NA PEGASUS MAIL

Claws Mail ni ya mwenye mashine iliyochoka. Ilitokana na programu ya Sylpheed mwaka wa 2001, ni huria, na inapatikana kwa Linux na Windows. Hutumia kumbukumbu kidogo na hufunguka upesi. Kila barua huwekwa katika faili yake.

Kwa makusudi, haiandiki barua zenye rangi na mapambo. Huandika maandishi matupu. Kichujio cha barua taka huongezwa kando. Anayetaka sura ya kuvutia hataipenda, lakini anayetaka kazi itendeke ataithamini.

Pegasus Mail ni kongwe wa ukoo huu. David Harris wa Dunedin, New Zealand, aliitoa mwaka wa 1990 na kuigawa bure, huku akipata riziki kwa kuuza vitabu vya maelekezo. Mapema mwaka wa 2007 alitangaza kwamba anaiacha kwa kukosa fedha, kisha akairejelea mwaka huohuo baada ya kuungwa mkono na watumiaji.

Kanuni zake za kupanga barua ni za kina mno. Hata hivyo, ni ya Windows pekee, sura yake ni ya zamani, na hutegemea juhudi za mtu mmoja. Hifadhi yake ya kawaida pia ni ya muundo wake yenyewe.

EM CLIENT

Programu hii ya kampuni ya Jamhuri ya Czech hutumika kwa Windows na macOS. Sura yake ni ya kisasa, na kalenda na anwani zimeunganishwa vizuri. Toleo la bure ni la matumizi ya kibinafsi tu, na idadi ya akaunti imewekewa kikomo. Anayeitumia kwa biashara hana budi kulipa.

Barua hukaa katika hifadhidata yake yenyewe, lakini zinaweza kutolewa zikiwa faili za kawaida za eml. Ni chaguo la heshima kwa mtu wa nyumbani aliyeshindwa na Thunderbird. Kwa katibu wa chama, leseni haimruhusu.

KWENYE SIMU

Wengi nchini husoma barua kwa simu kuliko kwa tarakilishi. Programu ya Gmail iliyomo katika simu za Android hukubali pia anwani za kampuni nyingine, nayo yawatosha wengi.

Kwa anayetaka programu huria, K-9 Mail imekuwapo tangu mwaka wa 2008. Mwaka wa 2022 ilijiunga na mradi wa Thunderbird, na Oktoba 2024 Thunderbird ya Android ikazaliwa kutokana nayo. Mwenye Thunderbird kwenye tarakilishi anaweza kuhamishia akaunti zake simuni kwa kupiga picha ya msimbo wa mraba ulio kwenye kioo.

IPI IMFAE NANI?

Mwenye kutunza kumbukumbu za chama, shule, kanisa, msikiti au biashara ndogo na achague Thunderbird. Muundo wake unafunguka kwingine, mapato yake hayategemei matangazo, na imekwisha kuthibitisha kwamba yaweza kuachwa na mlezi wake na bado ikaishi.

Mwenye Linux ana Evolution. Mwenye tarakilishi kongwe ana Claws Mail. Mwenye Mac asihangaike. Aliyo nayo yatosha, mradi akumbuke kutoa nakala. Mwenye anwani moja ya Outlook, asiye na siri za watu wengine, Outlook mpya haitamdhuru.

NAMNA YA KUZILINDA BARUA

Uchaguzi wowote ule ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inahitaji saa moja kila baada ya miezi michache.

Kwanza, tumia IMAP ili barua zionekane katika vifaa vyote, lakini usiichukulie kuwa akiba. Mara ya kwanza unapounganisha akaunti kubwa, programu huweza kuchota maelfu ya barua pamoja na viambatisho na kumaliza bando. Katika Thunderbird, weka kikomo cha siku za karibuni, kisha uchote zilizobaki ukiwa mahali penye mtandao usiopimwa.

Pili, kwa watumiaji wa Gmail, jihadhari na folda ya barua zote. Gmail hubandika vibandiko badala ya kutumia folda halisi, kwa hiyo barua moja yenye vibandiko viwili huonekana mara mbili na huweza kuchotwa mara mbili.

Tatu, mara mbili kwa mwaka nakili barua za zamani kutoka kwenye akaunti hadi folda za ndani ya tarakilishi, ambazo seva haiwezi kuzigusa. Zipange kwa mwaka.

Nne, funga programu, kisha nakili folda nzima ya data yake kwenye diski ya nje au flashi mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine ofisini. Katika Thunderbird, folda hiyo ikihamishiwa mashine nyingine, barua, anwani na mipangilio vyote hurudi kama vilivyokuwa.

Tano, anayesoma kwa kivinjari pekee asijione ametengwa. Google ina huduma iitwayo Takeout inayomwezesha mtu kuomba nakala ya barua zake zote za Gmail. Huletwa zikiwa mbox, na Thunderbird au Apple Mail huweza kuzifungua.

Sita, jaribu nakala hiyo. Fungua barua tatu za miaka tofauti na viambatisho vyake kutoka kwenye diski ya akiba. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Katibu wetu akifanya hayo, siku mgogoro wa deni utakapozuka hatakuwa na haja ya kuomba msaada kwa kampuni iliyo ng'ambo. Atafungua diski, atafute jina la mwanachama, na barua ya miaka minane iliyopita itakuwa mbele ya kamati.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya barua-pepe huoza, tena kimyakimya, ikiwa imefungiwa katika programu iliyokufa. Haiozi pale tu ambapo mwenyewe anajua iliko na anaweza kuifungua kwa ufunguo zaidi ya mmoja.